Jirani aliyegeuka adui: njia nne za kumjibu kwa wema, zikilinganishwa

"Wapendeni adui zenu" tumeikariri tangu shule ya Jumapili, na Mkristo anayeuliza leo haulizi kama amri hiyo ipo. Anauliza aanzie wapi. Huku Nyanda za Juu Kusini adui hatoki mbali. Ni yule aliyesogeza jiwe la mpaka kwenye shamba la viazi kule Uporoto. Ni yule wa Mufindi aliyechoma shamba lake mwezi wa tisa bila kukata njia ya moto, miti yako ya misindano (paini) ya miaka minane ikateketea. Ni wa meza ya pili soko la Mwanjelwa, Mbeya, anayewanong'oneza wateja kuwa mchele wako si wa Kyela. Ni mweka hazina wa kikundi aliyehama na akiba ya watu. Mnakutana mashineni, mnakutana ibadani, na ukitokea msiba mtakaa chini ya turubai moja.

Ukiomba ushauri, wengi watakupa moja kati ya mawili: "msamehe, mwachie Mungu" au "mshitaki akome". Maandiko yana nafasi kubwa kuliko hapo. Nimezipanga njia nne ambazo waumini huku kwetu huzitumia kweli, na zote zina mizizi katika Biblia: kumtendea mema bila kusema neno, kumwendea mkazungumza, kukaa mbali naye huku unamwombea, na kwenda kwenye sheria bila chuki.

Tuzipime kwa nini?

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale. Inasimama wapi katika Maandiko? Inakugharimu nini? Adui ataionaje, maana wema unaoeleweka vibaya unaweza kuongeza moto? Inavunjikia wapi? Na inamfaa nani? Kuna swali la sita ambalo nitaligusa inapobidi: nani mwingine anaumia wakati wewe unavumilia? Mtu anaweza kutoa shavu lake la pili. La mtoto wake hana ruhusa ya kulitoa.

Njia ya kwanza: mema bila maneno

Paulo anaiandika katika Warumi 12:20 akichukua maneno ya Mithali 25: adui akiwa na njaa, mlishe, akiwa na kiu, mnyweshe. Lakini mimi huona andiko la kijijini zaidi ni Kutoka 23:4-5. Ukimkuta ng'ombe au punda wa adui yako amepotea, mrudishie. Ukimkuta punda wake amelala chini ya mzigo, msaidie. Sheria ile haingoji moyo upoe kwanza. Ng'ombe anarudishwa leo, hasira itafuata kwa wakati wake. Na kwa anayedhani hayo ni ya watu wawili tu na si ya mataifa, asome 2 Wafalme 6. Jeshi la Shamu linajikuta ndani ya Samaria, mfalme wa Israeli anauliza kama awapige, Elisha anaagiza wapewe chakula na maji na waachwe waende kwa bwana wao. Vikosi vile havikurudi tena kuvamia.

Gharama yake kwa fedha ni ndogo. Kubwa ni kwamba hakuna atakayekupongeza, na jambo lenyewe linabaki halijasemwa.

Adui ataionaje? Hapa ndipo mahubiri mengi hupita haraka. Sahani ya chakula kutoka kwa mtu mliyegombana naye, huku kwetu, si jambo jepesi. Atawaza sumu, atawaza dawa. Ataimwaga nyuma ya nyumba, na kesho yake mtaa utasikia kuwa ulitaka kummaliza. Kwa hiyo "mlishe" ya Paulo inahitaji akili ya mahali. Kama uadui ni mkali, chagua wema usioingia mdomoni. Zima moto unaoelekea kwake. Kamata ng'ombe wake aliyevunja kamba. Toa bodaboda yako usiku mkewe akishikwa na uchungu. Mwambie bei ya viazi imepanda mjini ili asikubali kupakia lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, kwa bei ya juzi. Na zaidi ya yote, msiba. Huko hakuna anayehoji kwa nini umeshika jembe na kuchimba kaburi, wala kwa nini unapasua kuni. Nimewaona watu wasiosalimiana wakipokezana sepetu kaburini, na salamu ya kwanza ikawa "lete hapa, pumzika".

Njia hii huvunjika kwa namna mbili. Ya kwanza ni pale ubaya unapoendelea. Kama kila msimu anasogeza mpaka hatua moja na wewe kila msimu unampelekea mbegu, unamgharimia uonevu wake. Ya pili ni pale wema unapopandishwa madhabahuni. Ukisimama kwenye ushuhuda na kusema umempelekea adui yako debe la mahindi, na kanisa zima linajua ni nani, umempiga kofi kwa debe. Hata yale makaa ya moto ambayo Paulo anasema utampalia adui kichwani yasomwe pamoja na mstari wa 21 unaofuata, kuushinda ubaya kwa wema. Anayetenda mema huku anachungulia kama mwenzake ameanza kuaibika, bado ana kesi, ameihamisha chumba tu.

Inamfaa mwenye ugomvi wa zamani uliopoa nje lakini haujafa, na mwenye adui ambaye neno lolote litamwasha upya.

Njia ya pili: kumwendea mkazungumza

Mathayo 18:15-17 imeweka ngazi. Kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha na mmoja au wawili, kisha kanisa. Sisi mara nyingi tunaipanda ngazi hii kutokea juu. Kwaya inajua, kikundi cha akina mama kinajua, mchungaji ameshapigiwa simu, na mkosaji ndiye wa mwisho kusikia. Akija kusikia, ameshakuwa mshitakiwa, na mshitakiwa hujitetea.

Gharama ni uso wako. Unaweza kufukuzwa mlangoni. Unaweza pia kuambiwa kosa lako ambalo hukulijua, na hilo nalo ujiandae kulibeba.

Heshima ya huku inataka utaratibu. Kama aliyekukosea ni mkubwa kwako, baba mdogo au mama mkwe, usimwendee peke yako na maneno makavu. Pitia kwa mtu mzima anayemsikiliza. Nenda asubuhi. Iringa, msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, jioni si saa ya kupatanisha mtu. Na maneno yawe machache: "Shikamoo baba. Nimekuja kwa heshima. Lile jiwe la karibu na mfereji naona limesogea upande wetu. Naomba twende pamoja tukaliangalie." Hapo hujamwita mwizi. Umempa mlango wa kutokea. Ukianza na "ninyi mmezoea", rudi nyumbani, kikao kimekwisha.

Adui anaweza kuona umekuja kumsuta, au kinyume chake, umeshindwa na sasa unabembeleza. Dawa ya yote mawili ni kutaja jambo moja tu, lile la sasa, na kuacha ya mwaka juzi.

Wamoraviani wa Mbeya na Rungwe wana mfano wao ambao kila Agosti huukumbuka kwa sehemu tu. Kanisa lao, lililofika Rungwe mwaka 1891, lina mizizi Herrnhut, Ujerumani, ambako wakimbizi wa imani walianza kujenga mwaka 1722 kwenye ardhi ya mwungwana wa huko, Zinzendorf. Baada ya miaka michache walikuwa wamegombana vibaya, kila kundi na mafundisho yake. Tunasimulia Meza ya Bwana ya tarehe 13 Agosti 1727, walipolia na kupatana. Tunasahau kuwa tarehe 12 Mei mwaka huohuo walikuwa wameshakubaliana kanuni za kuishi pamoja. Makubaliano yalitangulia machozi kwa miezi mitatu. Anayetaka kulia na adui yake kanisani kabla hawajakubaliana mpaka uko wapi, atalia tena mwakani.

Na mazungumzo bila kurudisha kilichochukuliwa ni nusu. Zakayo hakuomba radhi tu, aliahidi kurudisha mara nne. Uhehe wanalijua hili kwa uchungu wao: fuvu la Mkwawa, mtawala wao aliyepigana na Wajerumani na kufa mwaka 1898, lilirudi Kalenga mwaka 1954. Gavana Twining wa Tanganyika aliyelileta alikuwa Mwingereza na waliolichukua walikuwa Wajerumani, na siasa yake ya siku ile inaweza kujadiliwa, ila alikuja na kitu mkononi.

Njia hii inavunjika pale nguvu zisipolingana. Mama aliyepigwa, akiketishwa mbele ya wazee na mumewe, kisha akaambiwa "yaisheni, mshikane mikono", hajapatanishwa. Amenyamazishwa. Inavunjika pia pale msuluhishi ni ndugu wa upande mmoja, hata akiwa mzee wa kanisa mwenye sifa njema.

Inamfaa mwenye adui ambaye zamani alikuwa rafiki au ndugu, jambo lenye mpaka unaoweza kuoneshwa kwa kidole, na pande mbili ambazo hakuna inayomwogopa mwenzake.

Njia ya tatu: kukaa mbali, kumwombea

Wapo wanaoiona hii kama njia ya waoga. Daudi hakuwa mwoga. Katika 1 Samweli 24 alimkata Sauli upindo wa vazi pangoni na hakumgusa mwili. Sauli akalia, akamwita mwanangu, akakiri kosa. Sasa angalia sura hiyo inavyoisha: Sauli akaenda nyumbani kwake, Daudi na watu wake wakapanda ngomeni. Alisamehe, akaapa kutowaangamiza wazao wa Sauli, na hakumfuata nyumbani. Sura mbili mbele Sauli alikuwa nyuma yake tena na watu 3,000. Isaka naye, Mwanzo 26, alichimba kisima wakakigombania, akachimba cha pili wakakigombania, akasogea, akachimba cha tatu ambacho hawakukigombania. Na Paulo anaposema mkae kwa amani na watu wote, ametanguliza masharti mawili: kama yamkini, na kwa upande wenu.

Gharama yake ni hasara halisi. Isaka aliacha visima viwili, na kisima nchi kavu si mchezo. Wewe unaweza kuacha meza yako sokoni, kikundi chako cha kukopa, hata jumuiya ya nyumba kwa nyumba uliyoizoea.

Adui ataiona kama kususa. Huku kwetu kususa ni silaha inayouma kuliko matusi, kwa hiyo umbali wa Kikristo lazima uwe na alama zinazoutenganisha na kununa. Mimi huziona alama mbili. Salamu ibaki: ukikutana naye njiani Iringa "kamwene" itoke, Tukuyu "ugonile" itoke, hata kama asipoitika. Na msiba wake usikupite. Mtu anayesalimia na kuzika, lakini hakai barazani kwako wala hakukopeshi, jamii inamwelewa. Kuhusu kumwombea, taja jina na haja yake halisi, mtoto wake anayefanya mtihani, ng'ombe wake anayeumwa. Sala ya "Bwana mwoneshe kwamba amekosa" ni mashitaka yaliyofungwa macho.

Inavunjika pale mnapochangia ukuta, mfereji au watoto, maana huko umbali haupo. Inavunjika zaidi pale aliyekosa ni wewe. Huwezi kumkosea mtu, ukakaa mbali, ukaita hiyo amani. Hapo Mathayo 5:23-24 inakurudisha: acha sadaka yako madhabahuni, nenda kwanza.

Inamfaa aliyeumizwa mara nyingi na mtu yuleyule, mwenye adui asiyekiri kosa, na mtu ambaye kidonda chake bado kibichi.

Njia ya nne: sheria bila chuki

Wengi wanashangaa kuiona hapa. Lakini Yesu mwenyewe, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu (Yohana 18:23), aliuliza: kama nimesema vema, wanipigia nini? Paulo alikataa kutolewa Filipi kimyakimya baada ya kupigwa bila hukumu (Matendo 16:37), na baadaye akakata rufaa kwa Kaisari. Upande wa pili upo, na si haki kuuficha: 1 Wakorintho 6 inawakemea waumini wanaoshitakiana mbele ya wasioamini, na kuuliza kwa nini wasikubali kudhulumiwa. Ninavyoisoma, Paulo anasema juu ya mashauri ya ndugu kwa ndugu ambayo mwenye hekima kanisani angeyamaliza. Kipigo na ubakaji si mashauri ya aina hiyo.

Gharama ni fedha, nauli, miezi, na mara nyingi koo mbili kuacha kuoana.

Kwa ardhi, njia yenyewe ina nafasi za upatanisho kuliko watu wanavyodhani. Mwenyekiti wa kitongoji anaanza. Baraza la Ardhi la Kijiji, watu saba ambao watatu lazima wawe wanawake, kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, halitoi tena hukumu za ardhi. Linasuluhisha, na siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila usisamehe kwa kuahirisha: madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Uvumilivu usio na karatasi unaweza kuwagharimu wajukuu shamba.

Kwa kuumizwa mwili, hakuna ngazi ya kupanda. Ni polisi, fomu yao ya matibabu ya PF3, hospitali, na Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto akiwa hatarini, namba 116 hupigwa bure.

Wema unaingia wapi? Katika namna. Mwambie kabla hujaenda. Sema yaliyotokea tu, usiongeze hata chumvi ya kweli nusu. Usihonge. Msalimie kwenye benchi la kusubiria. Ukishinda, usichinje kuku, maana Mithali 24:17 inakataza kufurahi adui anapoanguka. Hata hivyo adui ataiona kama vita, angalau mwanzoni, na huwezi kumzuia.

Inavunjika kama nia yako ni kumfilisi. Inamfaa mwenye jambo linalowaumiza na wengine, mwenye adui anayeogopa mamlaka tu, na mwenye ushahidi.

Zikikaa pamoja

Ya kwanza ndiyo pekee inayoweza kuchanganywa na zote tatu. Unaweza kumshitaki mtu kwenye baraza wiki hii na kumzimia moto wiki ijayo, havigombani. Ya pili ndiyo pekee inayoweza kurudisha urafiki kamili, na ndiyo inayodai zaidi kwa siku moja. Ya tatu inalinda moyo wako, haimrekebishi adui. Ya nne inalinda wengine, inaweza isiuguse moyo wa mtu yeyote. Msamaha unaweza kuwepo katika zote. Kuaminiana tena ni jambo jingine, na Maandiko hayakudai ulirudishe siku moja na msamaha.

Uanzie wapi, kwa hali yako

Mpaka umesogezwa, jirani ni mtu wa kusikia: anza na ya pili, na mashahidi wawili wanaokumbuka mpaka wa zamani. Ikishindikana, ya nne hadi baraza la kijiji, kabla msimu wa kulima haujaanza Novemba, maana mahindi yakishaota kila mtu ana jambo la kulinda.

Moto umekula miti: mwendee upesi, muulize kwanza ilikuwaje. Mara nyingi ni uzembe, si uadui. Hapo mkubaliane fidia ya polepole, hata ya siku za kazi, na muandikiane.

Anakuchafua sokoni: ya kwanza na ya tatu pamoja. Kumfuata kwenye meza yake mbele ya wateja ni kumpa jukwaa. Uza mchele wako, na akiishiwa chenji, mpe.

Mweka hazina amekimbia na akiba: fedha si zako peke yako, kwa hiyo kusamehe peke yako huna mamlaka nako. Kikundi kimwendee, kimpe muda wa kulipa kwa maandishi, kisha sheria. Wewe binafsi unaweza kuwapelekea watoto wake aliowaacha debe la unga, bila kulitangaza kikundini.

Unaishi na anayekupiga: ya nne, leo, na uhame mahali pa usalama. Mchungaji, padri au katekista atakayekuambia urudi ukavumilie, mwombe kwa heshima aisome tena 1 Samweli 24 hadi mstari wa mwisho. Mengine, hata kumwombea, yatafanyika ukiwa mbali.

Unaamini adui yako ni mchawi: hii nayo ipo, na makanisani tunajifanya haipo. Usiite wapiga ramli. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, na huku kwetu wazee wameuawa kwa tetesi za namna hiyo. Chukua ya tatu, salamu ikibaki, na umweleze mchungaji wako hofu yako kama hofu, si kama ushahidi.

Huwezi hata kutaja jina lake katika sala: usijilazimishe njia yoyote kati ya nne wiki hii. Acha tu kulisimulia kosa lake kwa watu wapya. Wanaojua tayari wanatosha. Mwezi ujao soma tena orodha hii, uone ipi sasa haikuchomi kuisoma.